Pamba ya Mama Tahiri

Bi. Sikuzani Selemani Nampanda, ambaye karibu wote tunamwita Mama Tahiri, anastaafu tarehe 30 Juni 1996 baada ya kuitumikia Hospitali ya Misheni ya Nandimba kwa miaka ishirini na minane na miezi mitano. Aliajiriwa tarehe 1 Februari 1968 kusafisha sakafu ya chumba cha upasuaji. Kwenye jalada lake la ajira ameandikwa hivyo mpaka leo, mhudumu wa usafi, ingawa ni miaka ishirini na sita sasa tangu alipopewa kazi ya kulaza wagonjwa usingizi. Katika miaka yote hiyo ni wachache sana waliopasuliwa hapa bila kupita mikononi mwake.

Katibu wa hospitali ameagiza wasifu huu uwe mfupi na wa kuchangamsha. Mambo ya kuchangamsha yapo, na nitaanza nayo.

Bi. Sikuzani alizaliwa Kitangari, mwaka ambao hakuna aliyeuandika, katika familia ya wakulima wa korosho. Alisoma mpaka darasa la nne, kisha ikawa zamu yake ya kuteka maji bondeni na kuyapandisha mlimani. Alipoletwa hapa kuomba kazi, anasema alichokipenda kwanza ni bomba. Alilifungua na kulifunga mara tatu, akafokewa.

Aliyegundua kipaji chake ni Sista Lois, aliyekuwa muuguzi mkuu wakati huo. Sista aliona kwamba binti huyu, akiwa anadeki pembeni wakati wa upasuaji, husimamisha dekio ghafla kila pumzi ya mgonjwa inapobadilika. Husimama kabla daktari hajagundua, na kabla hata ya aliyeshika klorofomu kugundua. Siku moja mwaka 1970 dekio lilisimama, Sista akamtazama mgonjwa, akaona midomo inaanza kugeuka rangi. Mgonjwa alipookolewa, Sista alimwambia Sikuzani, "Weka hilo dekio chini, uje huku kichwani." Hakurudi tena sakafuni, isipokuwa kwenye jalada.

Sista Lois alimfundisha kwanza historia ya kazi hiyo, naye Sikuzani alikuwa akiwasimulia wauguzi wote wapya. Kabla ya dawa ya usingizi mgonjwa alishikwa na wanaume wanne, kila mmoja kiungo chake, na daktari bora alikuwa yule mwenye haraka kuliko wote. Tumbo halikufunguliwa, kwa sababu hakuna haraka inayotosha kufungua tumbo la mtu anayepiga kelele. Mama aliyeshindwa kujifungua alikufa na mtoto wake, watu wakasema ni mapenzi ya Mungu. Ilipopatikana dawa ya kumlaza mtu, daktari naye akapata nafasi ya kwenda polepole, na mambo mengi yaliyokuwa mapenzi ya Mungu yakawa kazi ya saa moja na nusu.

Alianza na klorofomu, tone kwa tone juu ya chachi iliyofunika kikombe cha waya. Mwaka 1974 ikaja mashine ya etha, yenye mvukuto unaosukumwa kwa mkono kama wa mhunzi, isiyohitaji umeme wala mtungi wa hewa. Harufu ya etha ilimkaa mwilini. Tahiri, mwanawe wa kwanza, aliposinzia darasani, mwalimu wake alikuwa akisema, "Msimwamshe huyo, amebebwa mgongoni na etha." Baadaye ikaja sindano ya ketamini, na mwaka 1988 sindano ya mgongo, inayotia ganzi kuanzia kiunoni kushuka chini.

Hapa kuna kisa ambacho hakuna mtumishi asiyekijua. Watu wetu dawa ya usingizi wanaiita nusu kaputi. Mwaka 1976 Mzee Dastani wa Chilangala alikuja kupasuliwa busha, akaelezwa kwamba atapewa nusu kaputi, akauliza, "Nusu ipi?" Mama Tahiri akamwambia atalala mwili mzima. Mzee akakasirika kabisa. "Mnaita nusu, halafu mnanilaza mzima? Nipeni nusu ya chini. Ya juu niachieni, nina shamba la kufikiria." Alilala mzima, akapona. Miaka kumi na miwili baadaye, sindano ya mgongo ilipofika, Mama Tahiri alimtumia salamu Chilangala: nusu yako imekuja.

Jambo lililomtofautisha na watoa usingizi wa kwingine ni pamba, na hapa lazima nieleze vizuri kwa ajili ya wageni.

Mtu akianza kulala kwa etha, au akizinduka kutoka kwenye ketamini, huwa anasema. Anasema hovyo, na hana uwezo wa kujizuia. Sasa huku kwetu kila mtu mzima amepita jandoni au unyagoni, na amefundishwa mambo ambayo hayatajwi mbele ya asiyehusika. La jando halitajwi mbele ya mwanamke. Kwa hiyo wanaume wengi hawakuogopa kisu, waliogopa midomo yao. Walikaa na ngiri miaka kumi, walikaa na mabusha ya kubebwa kwa mikono, kwa sababu kwenye chumba cha upasuaji anayekaa kichwani ni mwanamke.

Mwaka 1971 waliletwa watu kutoka Chilangala wamembeba ngariba wao, ngiri imejinyonga, tumbo limevimba. Alipomwona Mama Tahiri akakataa. "Nitakufa na maneno yangu," alisema. Mpwa wake akapiga magoti, akalia, ngariba akageuzia uso ukutani. Ndipo Mama Tahiri, ambaye hata mwaka wa pili wa kazi hiyo alikuwa hajaumaliza, akaenda kabatini, akachukua pamba, akakata vipande viwili, akavisokota mbele yao wote na kujiziba masikio. Kisha akamwambia mpwa, "Niite." Mpwa akaita. Hakugeuka. "Niite kwa nguvu." Mpwa akapaza sauti mpaka watoto wakalia wodini. Hakugeuka. Ngariba akasema, "Basi, nipelekeni."

Tangu siku ile ikawa desturi. Hakuna ukoo ulioruhusu mgonjwa wao asukumwe kuingia ndani kabla ya kuiona pamba. Walisimama kwenye korido wakiuliza, "Mama Tahiri, umeziba?" naye huelekeza sikio la kulia, kisha la kushoto, kama mtoto anayekaguliwa shuleni. Wapasuliwaji wa ngiri na busha waliongezeka. Kila msimu wa korosho ulipokwisha, wanaume walikuja kutoka Newala yote, wengine kutoka Lisekese huko Masasi, wakipita hospitali nyingine njiani, kwa ajili ya mwanamke mwenye pamba. Akina mama nao walikuja, maana na ya unyagoni yana wenyewe.

Aliwaambia wahesabu kwa lugha ya mama zao, siyo kwa Kiswahili. Kwa Chimakonde ukifika tano unarudi tena, tano na moja, tano na mbili, na wengi walilala hapo. Na walipoamka, karibu wote waliuliza swali moja. Hata wazazi waliofanyiwa upasuaji hawakuuliza kwanza kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Mama yangu mzazi alilazwa hapa mwaka 1978, mimi nikatolewa nikiwa mzima, na kitu cha kwanza alichotamka ni "Nilisema nini?" Jibu la Mama Tahiri lilikuwa moja kwa watu wote, kwa mjumbe, kwa padri, kwa mke wa mtu na kwa mwizi: "Ulihesabu ukafika tano na mbili, ukalala. Na mimi nilikuwa na pamba."

Hapo ndipo yanapoishia ya kuchangamsha.

Shukrani aliyoipata kwa kazi hii haikuwa kubwa. Wapo walioamini pamba, na wapo walioamini nusu. Watu aliowalaza walipokutana naye sokoni waliinama kuchagua mihogo mpaka apite. Kwenye ngoma za unyago alialikwa kwa mdomo tu, akifika mazungumzo yanakatika. Yeye hakulalamika. Alisema mtu uliyemwona amelala uchi, mdomo wazi, ana haki ya kukuonea haya.

Mwezi Machi mwaka jana alipasuliwa ngiri mtunza stoo wetu wa wakati huo. Jina lake halina haja ya kuandikwa. Upasuaji ulikwenda vizuri. Alipoamka akauliza kama wengine, akajibiwa kama wengine. Lakini yeye hakuridhika. Aliuliza tena jioni, akauliza kesho yake, akamuuliza na Muuguzi Flora wa chumba cha upasuaji, "Yule mama hajasema kitu?" Flora akamjibu, "Kitu gani?"

Kila mtu anajua hali ya dawa ilivyokuwa mwaka ule. Zamani dawa zilikuja kwa kreti kutoka bohari, zikichelewa tunajua zimechelewa. Siku hizi ni soko huria. Masasi mjini maduka ya dawa yamefunguliwa mpaka kwenye vibaraza vya nyumba, na mtu ananunua vidonge kama karanga. Humo madukani ndimo zilimoanza kuonekana chupa za ketamini zenye alama ya hospitali yetu, imefutwa nusu. Na huku kwetu zikaisha. Etha nayo ikaisha.

Mwezi Oktoba akaletwa Bi. Severina kutoka Kitangari, mguu umeoza kwa jeraha la jembe, na hakuna dawa ya kumlaza. Kulikuwa na ganzi kidogo, isiyotosha mguu. Hakukuwa na muda wa kumpeleka Masasi. Nimesimuliwa na waliokuwepo kwamba waliitwa wanaume wanne. Mama Tahiri alikaa mahali pake kichwani, bila mashine, bila chupa, akampa mkono wake aushike. Bi. Severina aliubana mpaka kidole cha mwisho kikavunjika, na mpaka leo hakijanyooka. Daktari alifanya haraka. Severina alipona, lakini mtoto wake wa miaka sita aliyekuwa amesimama uwanjani alisikia yote, na inasemekana hajamkaribia tena mtu mwenye koti jeupe. Baada ya hapo Mama Tahiri alikwenda nyuma ya jengo, akatapika, akanawa, akarudi kukunja vitambaa. Siku ile hakuna aliyemwomba azibe masikio.

Mwezi Januari mwaka huu iliundwa kamati ya kuchunguza upotevu wa dawa. Katibu, ambaye ni mgeni kwetu na ana miezi michache tu hapa, alikuwa mwenyekiti. Dokta Kasiani, daktari wetu wa upasuaji, alikuwa mjumbe. Mimi nilikuwa nimeajiriwa masjala wiki mbili tu kama kibarua, nikaitwa kuandika muhtasari. Kwa hiyo haya yafuatayo sikusimuliwa.

Mtunza stoo alisema ufunguo wa kabati la usingizi anao Mama Tahiri, aulizwe yeye. Mjumbe mmoja akakumbusha kwamba mtunza stoo mwenyewe alilazwa usingizi mwezi Machi, na baada ya hapo alihangaika sana kujua alichosema. Mtunza stoo akatazama dirishani. Katibu akamgeukia Mama Tahiri.

"Mama, wakati analala, huyu bwana alisema lolote kuhusu dawa?"

"Nilikuwa na pamba."

"Pamba gani?"

"Masikioni."

Katibu akaweka kalamu chini. "Sijakuelewa. Unamlaza mtu usingizi huku umeziba masikio?"

Mama Tahiri aliangalia upande wa Dokta Kasiani, kisha upande wa Flora, aliyekuwa ameitwa kama shahidi. Wote wawili walikuwa wanatazama meza. Akasema, "Ndivyo desturi ilivyo hapa."

"Kwa miaka mingapi?"

"Tangu sabini na moja."

"Andika," Katibu aliniambia. Nikaandika.

Kamati haikumpata mtu yeyote na hatia ya dawa. Mtunza stoo aliacha kazi mwenyewe mwezi uliofuata, na sasa ana duka la dawa Masasi, safi, lenye vioo. Soda za sherehe hii amezitoa yeye, na ratiba inaniagiza nimshukuru. Asante.

Aliyepatikana na kosa ni Mama Tahiri. Barua inasema alihatarisha maisha ya wagonjwa kwa muda wa miaka ishirini na minne na zaidi "kwa kufanya kazi ya usingizi akiwa ameziba masikio kwa makusudi", na kwamba kwa kuwa hana cheti, na kwa kuwa hospitali inapunguza watumishi, anastaafishwa. Barua hiyo niliipiga chapa mimi. Dokta Kasiani alipokuja masjala kuichukua alikuta nimeinamia mashine.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Unalia nini, mwanangu?"

Nikamwambia sielewi, kama alikuwa hasikii, aliwezaje kuwaokoa watu wote wale. Akafunga mlango. "Hasikii nani? Ile pamba anaitoa akishavuka mlango. Kila siku. Sista Lois alimwambia siku ile ile ya ngariba, mtoa usingizi aliyeziba masikio ni sawa na dereva aliyefumba macho. Sisi wote wa ndani tunajua."

"Mbona hukusema kwenye kamati?"

"Mimi mwenyewe nilipasuliwa kidole tumbo hapa mwaka themanini na tisa," alisema. "Ningesema pamba inatoka, kesho Newala nzima ingejiuliza mama yule anajua nini. Na mimi ningejiuliza."

Ndiyo hivyo. Neno moja la Dokta au la Flora lingemsafisha. Neno moja lake mwenyewe kuhusu mwezi Machi huenda lingemsafisha zaidi, kama kulikuwa na neno. Sijui kama lilikuwepo na sitalibuni hapa. Angeweza walau kusema, "Nilikuwa nikiitoa." Angesema hivyo, angebaki na kazi, na watu wote waliowahi kulala mbele yake wangekosa usingizi wa kawaida.

Nilipokwenda nyumbani kwake kuchukua maelezo ya wasifu huu, aliniambia, "Andika nilipoanza, andika nilipoishia, katikati weka kazi. Ya pamba iache." Nilimwahidi. Nimevunja ahadi hiyo, na ni mimi peke yangu niliyeivunja. Kuna mtu atasimama leo asome barua ya kumuaga, na barua hiyo inasema alizembea. Nisingeweza kupiga chapa uongo ule ule mara mbili.

Kwa hiyo ndugu watumishi, wazee wa Nandimba na Chilangala, akina mama na akina baba mlioketi hapa: alisikia. Alisikia tangu mwaka 1971 mpaka chupa ya mwisho. Alisikia ya jandoni na ya unyagoni, alisikia majina mliyoyaita ambayo si ya wake zenu, alisikia mnachowaogopa na mnachokitamani. Alisikia pumzi zenu pia, ndiyo maana mpo. Sasa kila mmoja ajiulize kimya kimya ni neno gani lake limewahi kutoka kwenye kile chumba na kumfikia sokoni. Nimemuuliza mama yangu. Alifikiri muda mrefu sana, akajibu, "Hakuna." Kisha akavaa khanga yake, akasema na yeye atakuja kwenye sherehe.

Tangu barua ile itoke hakuna aliyepatikana wa kukaa kichwani. Mashine ya etha imefunikwa shuka. Wagonjwa wa upasuaji wanateremshwa Masasi kwa Landrova, ikiwa nzima.

Mama Tahiri, unarudi Kitangari kwenye mikorosho ya baba yako. Hospitali inakushukuru kwa baiskeli moja na mabati kumi. Sisi tuliozaliwa mikononi mwako na tuliolala mbele yako tunakushukuru kwa aibu. Mungu akupe afya, mikorosho ikuzalie, maji yafike karibu na mlango wako, na watoto wa Tahiri wakuchoshe kwa kelele mpaka uzeeke vizuri. Ukitusamehe tutafurahi. Usipotusamehe una haki, na hilo nalo tunajua hutamwambia mtu.

Faudhia Husseni
Masjala, Nandimba
28 Juni 1996